Kodi ya Mbele

Mafundi cherehani wote wa mtaa ule walipima kwa inchi. Ni yeye peke yake aliyepima kwa sentimita, akidai kwamba inchi ni kipimo cha wavivu: ndani ya inchi moja anaweza kujificha mtu mzima pamoja na kitambi chake. Basi wakamwita Sentimita, kwanza kwa kumcheka, baadaye kwa heshima, maana suruali alizoshona zilikuwa zinawakaa watu.

Tepu aliivaa shingoni kwa ajili ya wateja wabishi tu. Ungepiga hodi, akuangalie mara moja juu ya miwani, halafu akwambie, "Kiuno tisini na mbili, ingawa wewe utaniambia themanini na tano." Ungebisha, tepu ingetoka shingoni, na tepu ingesema tisini na mbili.

Alikuwa na miaka arobaini na moja, mabinti wawili shule ya bweni, mama mzazi aliyeshinda mlangoni akishona vifungo, na mume aliyetoka siku moja kwenda kununua betri za redio. Huo ulikuwa mwaka wa saba. Ukimuuliza yuko wapi, alikuwa akisema, "Labda foleni ni ndefu," na mguu hauachi kukanyaga pedali.

Shida yake haikuwa mume. Shida yake ilikuwa chumba.

Nyumba aliyopanga ilikuwa na vyumba viwili vya biashara. Cha mbele, chenye dirisha pana la kioo linalotazama barabara, alikuwamo kinyozi. Cha nyuma alikuwamo yeye, na dirisha lake lilitazama ukuta. Ili kumfikia ilibidi mteja apite kichochoroni, ainame chini ya kamba mbili za nguo, alipite pipa la maji, kisha achague kati ya milango miwili inayofanana kama mapacha. Mmoja ulikuwa wa fundi. Wa pili ulikuwa wa bafu. Bibi harusi mmoja, amekuja kujaribu gauni, alifungua ule wa pili akamkuta mwenye nyumba ana povu hadi masikioni. Gauni alilichukua. Hakurudi tena mtaa ule.

Mwenye nyumba mwenyewe aliishi vyumba vya katikati, akisubiri nyumba yake mpya iishe. Walimwita Kwa Kifupi. Kila alipotaka kuzungumza alianza na maneno hayo, na mtu mwenye akili akiyasikia alitafuta pa kukaa, maana hapo kuna nusu saa. Lakini mtu huyo huyo, ukimpa kalamu, aligeuka bahili wa kutisha. Aliandika kana kwamba wino unatoka kwenye mishipa yake.

Nyumba hiyo aliirithi pamoja na dada yake mkubwa, nusu kwa nusu. Dada aliishi mtaa wa pili, na kwa kuwa watoto wa mwenye nyumba walimwita Shangazi, wapangaji nao wakamwita Shangazi, na hata polisi wa kituo cha jirani walimwita Shangazi. Kwa Kifupi alikuwa anaogopa vitu viwili duniani, na cha pili hakuna aliyewahi kukijua.

Halafu alikuwa na mazoea mengine. Wapangaji hakuwaita kwa majina wala kwa kazi zao. Aliwaita kwa vyumba. Kila asubuhi alipita na mswaki mdomoni, akisalimia kama mwalimu anayeita mahudhurio. "Mbele, hujambo?" Kinyozi anaitikia. "Nyuma, hujambo?" Sentimita anaitikia. Miaka sita mtu anaitwa Nyuma kabla hata ya chai, na bado anafungua duka kwa tabasamu. Wapo watu waliopewa nishani kwa uvumilivu mdogo kuliko huo.

Mwezi wa kwanza wa mwaka huo alikuja bila mswaki. Alikohoa mlangoni kile kikohozi cha kodi, ambacho wapangaji hukijua hata wakiwa usingizini.

"Nyuma, hujambo?"

"Sijambo, Mzee. Kodi ya mwezi huu nilishakupa."

"Sijaja kwa ya mwezi huu. Nimekuja kwa ya miezi ambayo haijafika."

Mama alinyanyua uso kutoka kwenye vifungo. "Mwezi ambao haujafika unamdai nani?"

"Kwa kifupi, mama yangu," alisema mwenye nyumba, na Sentimita akamsogezea kigoda. Ile nyumba mpya ilikuwa imefika kwenye paa. Mabati yalikuwa yanapanda bei kila wiki. Fundi wa kuezeka alikuwa na mdomo mchafu. Mvua nayo haimsubiri mtu. Alizunguka yote hayo, akapitia ugonjwa wa goti lake na tabia za wakwe zake, ndipo akatua: Sentimita akilipa mwaka mzima mbele, hataongezewa hata senti, na siku kinyozi akihama, chumba cha mbele ni chake kabla ya mtu mwingine yeyote.

Hapo mguu uliacha kukanyaga pedali.

Kulipa kodi ya mwaka mzima mbele ni jambo la ajabu mtu ukilifikiria vizuri, ndiyo maana wapangaji huwa hawalifikirii. Unanunua Jumanne ya mwezi wa kumi ukiwa bado mwezi wa kwanza, hujui hata kama utakuwapo kuipokea. Na anayekuuzia hizo Jumanne si yeye aliyeziumba. Lakini Sentimita alishaliona lile dirisha. Alilipima kwa macho miaka sita, kila alipopita kwenda dukani: mita moja na sentimita arobaini na mbili. Alijua hata gauni gani atalitundika humo siku ya kwanza.

Pesa zilikuwamo kwenye kopo la biskuti. Zilikuwa za kununulia mashine ya ovaloki, ile ya kuziba kingo za vitambaa zisifumuke.

"Mwanangu," Mama alisema, mwenye nyumba akiwa palepale anasikia, "huyu bwana anakuuzia Desemba."

"Desemba naijua, Mama. Haijawahi kukosa kuja."

"Desemba siisemi. Namsema yeye."

"Na yeye namjua."

Alihesabu, akampa, akadai risiti. Mwenye nyumba akajipapasa mifukoni kwa mshangao, kama mtu aliyeombwa pasipoti. Kinyozi akaleta kalamu. Karatasi ikawa ukingo wa kalenda ya mwaka uliopita. Mzee aliiweka gotini, akashusha pumzi, akaandika: *Kodi ya mbele, mwaka mzima. Imelipwa yote.* Tarehe. Halafu sahihi, ambayo ilimeza wino kuliko maneno yote pamoja.

"Mzee, huandiki ni ya chumba kipi?"

"Kwa kifupi, fundi, mimi na wewe si tunajuana?"

Sentimita aliikunja ile karatasi, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaishonea ndani ya mto wa kiti chake. Kuanzia siku hiyo, kila aliposhona alikuwa ameukalia mwaka mzima.

Miezi minne ikapita. Mwezi wa tano kinyozi akatangaza kwamba anahamia karibu na stendi, ambako nywele zinaota haraka zaidi. Sentimita aliipokea habari hiyo kwa utulivu, akakata kitambaa cha pazia palepale.

Kesho yake alikuja mtu mwenye shati la mikono mifupi na hatua ndefu, akaingia kwa kinyozi bila kunyolewa, akakipima chumba kwa miguu. Kisha akapita kichochoroni, akainama chini ya kamba, akaingia kwa fundi bila hodi na kuanza kuhesabu hatua kutoka ukuta hadi ukuta.

"Umekosea," Sentimita alimwambia. "Viatu vyako vina ncha ndefu. Ni mita tatu na sentimita kumi."

"Yatalala vizuri," yule mtu alisema, akizungumza na dari. Alikuwa muuza magodoro. "Mbele nitauzia, huku itakuwa stoo. Hapa yanakaa arobaini."

"Na mimi utaniweka juu ya la ngapi?"

Mtu wa magodoro alimtazama, akamtazama Mama, akaona kuna kitu hajaambiwa. "Mwenye nyumba amesema huku kunahamwa."

Sentimita alivua miwani. Alimkuta Kwa Kifupi uani akianika suruali, suruali aliyoshona yeye. Mzee hakupata hata nafasi ya kusema kwa kifupi.

"Mzee, wewe si uliniambia kinyozi akiondoka, cha mbele ni changu?"

"Fundi, biashara inabadilika. Yule bwana analipa miaka miwili mbele, vyumba vyote viwili."

"Na mwaka wangu?"

"Mwaka wako upo. Nitakurudishia kidogo kidogo. Kwa sasa uko juu ya nyumba kule," alisema, akionyesha upande lilikokuwa paa lake jipya. Na kweli, ulikuwa unang'aa juani.

"Nina risiti."

"Ilete Jumapili. Njoo saa nane," akaongeza, akipunguza sauti. "Saa kumi dada yangu anakuja kutia sahihi na mtu wa magodoro, sitaki tumchoshe na mambo madogo."

Jioni ile Mama alifunga mlango, na Sentimita akafumua mto kwa wembe. Waliisoma ile karatasi wote wawili, vichwa vimegusana.

"Haisemi nyuma," Mama alisema. "Haisemi fundi. Haisemi hata ni nyumba gani. Mwanangu, mtu akitaka kukukana, kwa hii nusu ya kazi yake imeshafanyika."

Sentimita alirudisha miwani usoni. Aliisoma mara ya pili, akaisoma mara ya tatu, na mara hii ya tatu kona moja ya mdomo ilianza kupanda.

"Mama, huyu mzee humwitaje kinyozi asubuhi?"

"Mbele."

"Na mimi?"

"Nyuma. Kwani hujui? Miaka sita namsikia na..." Akaivuta karatasi karibu na taa. Mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko, na vifungo vikamwagika kutoka mapajani.

"Lakini tunajua yeye alimaanisha nini," Sentimita alisema. "Nitaanza na tulichoahidiana. Akikubali, karatasi hii inarudi kwenye mto."

"Na asipokubali?"

"Asipokubali, nitamsomea mwandiko wake."

Jumapili saa nane walikuwa barazani mbele ya kinyozi. Kinyozi alikuwa anafungua kioo chake ukutani. Mtu wa magodoro alikuwa amekalia kiti cha kunyolea, anajizungusha. Mama alikuwa kwenye benchi la wateja na vifungo vyake. Kwa Kifupi alisimama, amevaa koti.

Sentimita alifanya kama alivyosema. "Mzee, nimekuja kwa neno letu. Mwaka mmoja nililipa mbele. Wewe ukasema hutaongeza, na kinyozi akihama nahamia mimi. Mwaka ukiisha nitalipa bei ya chumba cha mbele kama kilivyo. Sema ndiyo, tuondoke hapa tunacheka."

"Kwa kifupi, fundi," mwenye nyumba alianza, na kinyozi akaweka kioo chini, maana kilikuwa kizito. Alizungumzia serikali. Alizungumzia bei ya misumari. Alisema kwamba maneno ni upepo, kwamba watu husema mengi mtu akiwa na shida ya mabati, na kwamba dunia ya leo ni ya maandishi. "Iko wapi risiti?"

Akampa. Mzee aliishika mbali na macho, kisha karibu, kisha akatabasamu kama mtu aliyeokota pochi.

"Hapa hakuna chumba cha nyuma. Mnaona? Umeona wapi neno nyuma? Hakuna. Basi kwa karatasi hii huna haki ya chumba cha nyuma."

Wakati huo mwanamke mnene mwenye mkoba mweusi alikuwa akitokea kona ya barabara nyuma ya koti la mwenye nyumba. Shangazi alikuwa na tabia moja mbaya: alifika mapema kila mahali. Mama alimwona. Alijisogeza tu kwenye benchi, akapiga-piga nafasi kwa kiganja, na Shangazi akaketi taratibu, mkoba mapajani.

"Kwa hiyo, Mzee," Sentimita alisema, "tusitazame tulichokusudia. Tutazame kilichoandikwa."

"Kilichoandikwa tu."

"Rudia, watu wasikie vizuri. Kinyozi sikio lake moja limezibwa na mashine."

"Kilichoandikwa tu," mwenye nyumba alipaza sauti. "Mimi ndiye niliyeandika, mimi ndiye niliyetia sahihi, na ninasimama na kila neno."

"Basi lisome."

"Kodi ya mbele," alisoma kwa sauti ya bungeni, "mwaka mzima. Imelipwa y..."

Unaweza kumwona mtu akikanyaga shimo hata kama miguu yake haijasogea.

Kinyozi ndiye aliyecheka wa kwanza, na alikuwa na kicheko kibaya, cha kukwaruza. "Mbele si mimi? Mzee, kila asubuhi miaka sita, Mbele hujambo, Mbele hujambo. Mama yangu mzazi alikuja hapa akadhani nimebadili jina."

"Na mimi ni Nyuma," Sentimita alisema. "Hilo umelisema mwenyewe sasa hivi, halimo kwenye karatasi. Kilichomo ni mbele. Kimelipwa. Mwaka mzima. Yote."

"Sikumaanisha chumba!" Mzee alitoa leso. "Mbele hapa ni kulipa kabla. Wewe si ulilipa mwaka mzima mbele? Mwezi wa kwanza, pesa taslimu, mkononi mwangu, kinyozi ndiye aliyeleta kalamu. Kila mtu anajua."

"Mimi sikujua," ilisema sauti kutoka kwenye benchi.

Mwenye nyumba hakugeuka upesi. Alikunja leso kwanza, ikawa mraba mdogo, akautia mfukoni.

"Mimi nilijua," Shangazi aliendelea, polepole, "kwamba fundi hajalipa tangu mwezi wa kwanza. Kwamba biashara imemlemea, tumvumilie. Nikasema sawa, ana watoto. Nikamwonea huruma mtu ambaye nusu ya pesa yake ilikuwa inifikie mimi."

Sentimita aligeuka. Hilo hakulitarajia. "Alisema silipi?"

"Alisema unalia."

"Mimi?"

Mama alitema uzi. "Huyu hakulia hata siku ya betri."

"Kwa kifupi, dada..." alianza mwenye nyumba.

"Kwa kifupi, nyamaza." Shangazi alinyoosha mkono, akapokea karatasi, akaisoma mara moja tu. "Neno ni lako na sahihi ni yako, kwa hiyo maana uchague wewe. Kama mbele ni kulipa kabla, basi umepokea mwaka mzima, na nusu yangu naitaka hapa, sasa hivi, kabla sijainuka. Kama mbele ni chumba, mpe fundi ufunguo, na mimi tutapatana nyumbani, nitakukata kwenye fungu lako la kodi polepole mpaka deni la lile paa liishe. Ni ipi?"

Mzee alitazama kule lilikong'aa paa lake. Mabati hayarudishwi dukani yakishapigwa misumari. Alimtazama mtu wa magodoro, ambaye alikuwa ameacha kujizungusha na sasa anasoma bango la mitindo ya nywele kwa makini makubwa. Alimtazama fundi, na fundi alimtazama juu ya miwani, kama anamkadiria shati.

"Ni chumba," alisema.

"Sikusikia."

"Chumba. Mbele ni chumba."

Yalikuwa maneno machache kuliko yote aliyowahi kusema kwa mfululizo. Kinyozi alitoa ufunguo mfukoni, lakini Sentimita hakuupokea.

"Kwanza karatasi mpya, Mzee. Safari hii nakutajia mimi."

Akamtajia. Jina la mtaa, namba ya nyumba, chumba chenye dirisha la kioo linalotazama barabara, tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na kwamba baada ya hapo bei itakuwa ileile anayolipa kinyozi. Mzee aliandika huku jasho linamchuruzika. Alipofika mstari wa nane alisimama.

"Chumba cha mbele, kodi imelipwa mbele. Fundi, hizi mbele mbili haziwezi kuwa moja?"

"Moja ndiyo iliyotufikisha hapa."

Wakatia sahihi wote wawili wenye nyumba, na kinyozi shahidi. Mtu wa magodoro aliposhuka kwenye kiti alijikung'uta, akamsogelea Sentimita kama mtu anayeulizia njia. Chumba cha nyuma peke yake hakimfai, alisema, mteja hawezi kupita na godoro chini ya kamba za nguo, atatafuta kwingine. "Lakini wewe, makava ya magodoro unashona?"

"Nashona. Malipo mbele."

Jumatatu walihamisha mashine, meza na kile kiti. Mto aliushona upya, karatasi mbili ndani yake, ya zamani na mpya. Mama alileta tepu apime dirisha kwa ajili ya pazia, na Sentimita akamwambia asijisumbue. Mama alipima hivyo hivyo. Mita moja na sentimita arobaini na mbili.

Asubuhi ya Jumanne gauni la kijani lilikuwa limening'inia kwenye kioo, na wanawake wawili walikuwa tayari wamesimama nje wakibishana kama litawatosha. Pedali inakwenda. Kutoka uani kikasikika kikohozi, kisha ndara, na Kwa Kifupi akatokea upenuni na mswaki mdomoni, amevaa ile suruali yake iliyomkaa. Alifika usawa wa mlango. Alisita. Alitoa mswaki mdomoni.

"Mbele," alisema, "hujambo?"

"Sijambo, Mzee," fundi aliitikia, bila kuinua mguu.